Bega Lililoumizwa na Sindano ya Chanjo: Kudai Fidia na Imani ya Qadar



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, somo hili limetokana na swali lililoulizwa katika darsa yetu ya Jumamosi hapa Gitega. Karatasi ililetwa kutoka upande wa akina dada, imeandikwa hivi: mtu akichomwa sindano ya chanjo, kisha bega likaumia na mkono ukashindwa kunyanyuka kwa miezi mingi, je, anaruhusiwa kudai fidia, au afanye subira kwa kuwa ni qadar ya Allah? Karatasi ilipokwisha kusomwa, majibu mawili yalitoka kabla hata ustadhi hajafungua mdomo. Mmoja alisema asubiri, kudai ni kukosa ridhaa. Mwingine akasema chanjo zenyewe ndizo tatizo, na aliyekubali kuchanjwa amejitakia. Ustadhi alinyamaza kidogo, kisha akanipa mimi kazi ya kulitafiti, kwa sababu anajua nina mgonjwa wa namna hiyo katika familia yetu kule Muyinga.

Nimesoma, nimeuliza, na ninachokileta ni hiki: majibu yote mawili si sahihi. Kudai fidia ya dhara lililothibiti ni haki ya mja. Hakupingani na qadar, wala hakuipingi chanjo. Tena fiqhi yetu ina mlango wa kumlipa aliyeumia hata pale ambapo hakuna mtu wa kulaumiwa, na mlango huu ndio wengi wetu hatuujui.

Ni dhara gani hili?

Tuanze na mwili, maana huwezi kutoa hukumu ya kitu usichokijua. Chanjo nyingi za watu wazima huchomwa kwenye msuli mnene wa juu ya mkono, chini kidogo ya bega. Mahali sahihi ni upana wa vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Sindano ikipigwa juu mno, dawa haiingii kwenye msuli. Inaweza kuingia katika kifuko kidogo cha majimaji kinachokilainisha kiungo cha bega, au kwenye kano za pale. Hapo mwili unaishambulia ile dawa mahali isipotakiwa kuwapo, na kiungo kinavimba kwa ndani.

Maumivu ya kawaida ya chanjo huisha baada ya siku mbili tatu. Haya ya bega huanza mara nyingi ndani ya saa 48 na hayaishi. Mtu hawezi kulala upande ule, hawezi kuvaa kanzu bila kusaidiwa, na wengine bega hukakamaa kabisa. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa 13 wa namna hii na kulipa dhara hili jina lake la kitaalamu. Ni dhara la nadra, na chanzo chake ni namna sindano ilivyochomwa. Dawa ileile ikichomwa vidole viwili chini zaidi, hakuna kinachotokea.

Mama yangu mdogo ni msusi, anasukia wateja nyumbani kwake, mtaa wa Waswahili, Muyinga. Alikuwa na mimba ya mtoto wa nne alipokwenda kuchanjwa pepopunda kama wajawazito wote. Kituo sikitaji, na wala sina haja ya kukitaja. Benchi lilikuwa limejaa, yeye amekaa, muuguzi amesimama juu yake. Kwa kuwa alivaa buibui na mlango ulikuwa wazi, alivuta shingo ya nguo hadi bega likaonekana kidogo tu, na sindano ikapigwa pale palipoonekana, yaani juu. Usiku ule ule hakulala. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, lakini alimnyonyesha akimbeba kwa mkono mmoja. Kusuka kunataka mikono yote miwili iwe juu kwa saa tatu au nne, kwa hiyo kazi ilisimama. Na katika swala, takbira ya kufungulia alikuwa akiinua mkono mmoja hadi sikioni na mwingine unaishia kifuani. (Swala yake ni sahihi. Kuinua mikono ni sunna, na asiyeweza huinua kiasi anachoweza. Ninaliandika hili kwa sababu kuna bibi mmoja pale mtaani alimwambia airudie.)

Hapa niseme neno kwa dada zetu. Ukienda kuchanjwa, omba muuguzi wa kike au omba pazia, kisha vua mkono mzima wa nguo. Kufunua kiasi cha haja mbele ya mtabibu ni jambo ambalo wanachuoni wameliruhusu. Kuvuta shingo ya nguo ni katika sababu zinazofanya sindano ipande juu. Na muuguzi akiwa amesimama nawe umekaa, mwombe naye akae.

Qadar haiondoi dhamana

Anayesema "ni qadar, usidai" amechanganya mambo mawili. Kila linalotokea ni kwa qadar ya Allah, pamoja na mtu kugongwa na baiskeli kwenye mteremko au mbuzi wa jirani kuingia shambani mwako. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba mwenye mbuzi asilipe mahindi kwa kuwa yaliliwa kwa qadar. Subira ni kazi ya moyo wa aliyeumia. Dhamana ni deni lililo juu ya aliyesababisha. Mtu anaweza kuwa na subira kamili na bado akadai deni lake.

Dalili iliyo wazi zaidi ni Suratun-Nisaa, aya ya 92. Aya hiyo inazungumzia mtu aliyemuua muumini kwa makosa, bila kukusudia. Huyo hana dhambi ya kuua. Pamoja na hayo, diya inatakiwa ifikishwe kwa watu wa marehemu, isipokuwa wenyewe wakiisamehe kama sadaka. Ukiisoma aya hii taratibu utaona kwamba sharia imetenganisha dhambi na malipo. Kosa lisilo na dhambi linalipiwa. Kwa hiyo kumdai muuguzi au kituo si kumtuhumu mtu kwamba ni muovu.

Mkono uliokosea na dawa iliyo salama

Katika mlango wa tiba tunayo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah kutoka kwa Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Maana yake ni kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na ujuzi huo, basi yeye ni mwenye dhamana. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameieleza hadithi hii kwa urefu katika Zad al-Maad, na amewagawa matabibu katika mafungu matano. Nataja matatu yanayotuhusu. Wa kwanza ni mjuzi aliyepewa ruhusa, akaifanya kazi kama inavyotakiwa, mkono wake haukuvuka mpaka, lakini kiungo kikaharibika. Huyo hana dhamana. Wa pili ni mjinga aliyejitia ujuzi. Huyo analipa. Wa tatu ni mjuzi aliyepewa ruhusa, lakini mkono wake ukakosea na kuvuka hadi mahali pazima, mfano wa ngariba ambaye kisu kimeteleza. Huyo analipa kwa sababu ni jinai ya makosa, na malipo yakiwa makubwa yanabebwa na aqila wake, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Asipokuwa na aqila, ipo kauli kwamba yalipwe na Baitul-mal.

Muuguzi wetu wa Muyinga yuko fungu hili la tatu. Amesomea kazi yake, amepewa ruhusa, dawa ilikuwa sahihi, mkono ulikwenda pasipo mahali pake. Jopo la kimataifa la fiqhi, Majmaul-Fiqhil-Islami, katika kikao chake cha 15 kilichofanyika Muscat mwaka 2004, nalo lilizungumzia dhamana ya tabibu na kutaja miongoni mwa sababu zake kosa ambalo wenzake wa fani ile hawalifanyi.

Nilistaajabu kuona mjadala huu huu ukijirudia Marekani. Wao wana mfuko wa kuwalipa walioumizwa na chanjo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kuanza kazi Oktoba 1988. Kila dozi inatozwa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa inaoukinga, na fedha hizo ndizo zinazolipa. Dhara la bega liliingizwa kwenye orodha ya mfuko mwaka 2017. Masharti yake ni kwamba maumivu yaanze ndani ya saa 48, bega hilo lisiwe na ugonjwa wa zamani, na maumivu yawe kwenye bega lililochomwa. Kwa kawaida dhara linatakiwa liwe limedumu zaidi ya miezi sita, na madai yafunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu dalili ya kwanza. Januari 2021 serikali yao ilitoa kanuni ya kuliondoa dhara la bega kwenye orodha. Hoja ilikuwa kwamba hili ni kosa la mchomaji, si la chanjo, basi aliyeumia akamshitaki mchomaji. Aprili mwaka huo huo kanuni ikafutwa kabla haijaanza kutumika. Ibn al-Qayyim angewaambia kwamba hata kosa la mkono halimwachi mtu na deni peke yake, ndiyo maana aqila na Baitul-mal zikatajwa.

Asipojulikana mkosaji

Mara nyingi mgonjwa wa bega hawezi kuthibitisha kitu. Muuguzi amehamishwa, karatasi imeandikwa tarehe tu, na kituo kinasema wamechanjwa watu mia siku ile na hakuna mwingine aliyelalamika. Je, haki imepotea?

Rudini kwenye kisa cha Khaybar, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Abdullah bin Sahl (r.a.) na Muhayyisa walikwenda Khaybar, wakaachana kwenye mitende. Abdullah akakutwa ameuawa, na muuaji hajulikani. Ndugu zake walipofika kwa Mtume (s.a.w.), waliambiwa waape viapo hamsini juu ya mtu wanayemtuhumu. Wakasema, vipi tuape kwa jambo ambalo hatukulishuhudia? Viapo vya upande wa pili nao hawakuviamini. Kesi kwa hesabu ya mahakama ilikuwa imekwisha, hakuna ushahidi wala kiapo. Lakini Mtume (s.a.w.) hakuwarudisha nyumbani mikono mitupu. Alilipa diya mwenyewe, ngamia mia, na katika baadhi ya mapokezi ni ngamia wa sadaka. Sahl bin Abi Hathma, mpokezi wa kisa, anakumbuka kwamba ngamia mmoja katika wale alimpiga teke. Mimi napenda sana jambo hili dogo, maana linakuonyesha kwamba ngamia walifika kweli na kusimama uani.

Kisa kingine ni cha Banu Jadhima, mwaka wa 8 Hijria baada ya kufunguliwa Makka. Khalid bin al-Walid (r.a.) aliwaua watu ambao hawakuweza kutamka vizuri kwamba wamesilimu. Mtume (s.a.w.) alijitenga mbele ya Allah na kitendo kile, na katika sira ya Ibn Ishaq imeelezwa kwamba alimtuma Ali (r.a.) na mali akalipe damu na vilivyoharibiwa, hadi bakuli la kunywea mbwa. Hapa ni mtumishi wa dola aliyekosea akiwa kazini, na dola ndiyo iliyolipa.

Kutokana na visa hivi viwili naona kwamba mfuko wa umma wa kuwalipa walioumizwa na chanjo bila kumtafuta mkosaji una asili katika dini yetu. Na kuna sababu nyingine. Chanjo hatuchomwi kwa faida yetu peke yetu. Tunawakinga na wengine. Majmaul-Fiqhi, katika azimio lake la Jeddah la mwaka 1992 kuhusu tiba, imempa kiongozi haki ya kulazimisha tiba katika hali kama za maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga. Mahujaji wetu wote wanachanjwa homa ya uti wa mgongo, maana Saudi Arabia haitoi viza bila chanjo hiyo. Basi ikiwa umma unaweza kukutaka unyooshe mkono kwa maslahi ya wote, bega likiumia umma nao ubebe.

Wenzetu walilianza hili zamani. Ujerumani ilikuwa na sheria tangu mwaka 1961, Uingereza tangu 1979. Afrika tumechelewa. Afrika Kusini ilianzisha mfuko mwaka 2021 kwa ajili ya chanjo za korona. Kwa nchi 92 za kipato kidogo na cha kati, Burundi ikiwamo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza Februari 2021 mpango wa fidia kwa chanjo za korona zilizogawiwa kwa njia ya COVAX. Ulilipa dhara kubwa la kudumu au kifo, bila kwenda mahakamani, na aliyepokea alikuwa anaachilia madai mengine yote. Lakini ulihusu dozi za COVAX tu. Burundi ilianza kuchanja korona Oktoba 2021 kwa Sinopharm iliyotolewa na China moja kwa moja, na dozi za namna hiyo zilikuwa nje ya mpango. Pepopunda, surua na nyinginezo hazikuhusika kabisa. COVAX yenyewe ilifungwa mwisho wa mwaka 2023.

Jambo moja la mpango ule halikunipendeza. Malipo yalihesabiwa kwa kuchukua pato la wastani la mtu mmoja katika nchi husika, mara 12, mara kiwango cha dhara. Kwa hesabu hiyo bega la Muyinga ni rahisi kuliko bega la nchi jirani iliyotuzidi pato. Katika diya, mkono wa tajiri na mkono wa maskini wana idadi moja ya ngamia.

Hapa kwetu

Kwa kuwa hatuna cha kutegemea zaidi, aliyeumia Gitega au Muyinga anarudi kwenye sheria ya jumla. Nayo ni Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai, kilichotokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888 iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye kuletwa kwetu wakati wa Wabelgiji. Kifungu cha 258 kinasema, kwa maana yake, kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Kifungu cha 260 kinamfanya mwajiri ajibu kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo anayedaiwa si muuguzi peke yake. Mambo matatu yanatakiwa yathibiti: kosa, hasara, na uhusiano kati ya hivyo viwili.

Hapo ndipo karatasi zinapokuwa na thamani kuliko maneno. Tunza karatasi ya chanjo yenye tarehe na mkono uliochomwa. Rudi kituoni mapema, siku ya tatu au ya nne, mwambie mhusika aandike kwenye daftari kwamba umelalamika, na umwombe ajaze fomu ya madhara yatokanayo na chanjo, ile wanayoiita MAPI. Fomu hiyo haikupi faranga hata moja, lakini ina tarehe, na tarehe ndiyo itakayokuonyesha kwamba bega lilikuwa zima kabla. Daktari akikupima, akikupa ekografi, omba cheti kinachotaja kiungo kinafika wapi kikiinuliwa. Cheti kilichoandikwa "maumivu ya bega" peke yake hakisaidii. Na andika kazi uliyoikosa. Mama mdogo hajui kuandika sana, lakini binti yake wa shule alikuwa akiandika kwenye daftari la hesabu jina la kila mteja aliyerudishwa.

Kabla ya tribinali kuna sulhu. Suratun-Nisaa aya ya 128 imeitaja sulhu kuwa ni kheri, na hapa Burundi tuna desturi ya Bashingantahe wa kukaa na pande mbili. Familia yetu ilianzia hapo. Walikuwapo mzee mmoja Mushingantahe asiye Muislamu, imamu wa mtaa, na mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo alikuja na uso mkavu, akidhani tumekuja kuitukana chanjo. Imamu alianza kwa kusema kwamba watoto wake wote wamechanjwa na wajukuu watachanjwa, na kwamba kilicholetwa ni bega la mtu mmoja. Baada ya hapo mazungumzo yakawa mengine. Kituo kilikubali kugharimia kinezitherapi na nauli ya kuja Gitega kwa njia ya Karuzi, maana mtaalamu alipatikana huku. Fidia ya kazi iliyopotea walikataa, wakasema hawana bajeti ya jambo hilo.

Kiasi gani, na lini?

Bega lililopungukiwa halikuwekewa idadi ya ngamia katika sharia kama mkono uliokatwa, ambao una nusu ya diya. Majeraha yasiyo na kiwango yanaingia katika mlango wa hukuma, yaani makadirio ya waadilifu juu ya upungufu uliobaki. Sisi watu wa Kishafii tunasoma katika Minhaj ya Imam An-Nawawi kwamba makadirio hufanywa baada ya jeraha kupona. Ikiwa halikuacha upungufu wowote, huangaliwa upungufu uliokuwa karibu zaidi na kupona, na zipo kauli nyingine, mojawapo ni kwamba qadhi anakadiria kwa ijtihadi yake.

Faida yake kwetu ni kubwa. Bega la namna hii linaweza kupona kwa miezi, au likabaki na upungufu. Ukiwekewa karatasi ya "nimepokea, sina dai tena" mwezi wa pili, umeuza kitu ambacho hujakipima. Gharama za matibabu zidai tangu siku ya kwanza. Upungufu wa kudumu usubiri daktari aseme umetulia. Kwenye mkutano ule imamu alikataa neno "madai yote" katika makubaliano, likaandikwa "gharama za matibabu".

Na fedha ya maumivu yenyewe, mbali na matibabu na kazi? Marekani wanailipa hadi dola 250,000. Kwetu wanachuoni wa zama hizi wametofautiana kuhusu fidia ya dhara la kinafsi lisilo la mali. Majmaul-Fiqhi, katika azimio la mwaka 2000 la masharti ya adhabu kwenye mikataba, haikuliingiza dhara la namna hiyo katika yanayolipwa. Lakini hilo lilihusu mikataba. Maumivu ya mwili katika jinai yana mjadala wake. Mimi naona mtu adai matibabu, nauli, kazi iliyopotea na upungufu wa kiungo, na hivyo vinne vinatosha bila kuingia kwenye shaka.

Nani mwenye haki ya kusamehe?

Katika kikao kile, mjomba wetu mmoja, mtu mzima na mwenye heshima, alisimama na kusema kwa niaba ya ukoo, "Sisi tumesamehe, tuachane na mambo ya fidia, tusionekane watu wa fedha." Watu wakaanza kutikisa vichwa. Kusamehe ni jambo kubwa, na Suratush-Shura aya ya 40 imemwahidi msamehevu ujira kwa Allah. Lakini dai la jeraha ni mali ya aliyejeruhiwa. Ukoo hauna haki ya kuliachia, wala mume hana. Mwanamke aliyebaleghe mwenye akili ndiye anayemiliki dai lake kama anavyomiliki mahari yake, na wanachuoni wameruhusu mwenye haki aachilie yote, au sehemu, au asiachilie.

Imamu alimgeukia mama mdogo, aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mkononi, akamwuliza yeye anasemaje. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba muuguzi amemsamehe, asifukuzwe kazi, na yeye mwenyewe hatamtaja mtaani. Kisha akasema faranga za kazi iliyopotea hajazisamehe, na daftari la binti yake analo ndani ya mkoba. Mushingantahe aliomba alione, akaligeuza kurasa moja moja, na siku ya pili ya kikao ikapangwa kwa sababu ya daftari lile.

Wallahu a'lam.